Msije Mei, njooni Agosti: habari ya pesa za sanaa hapa Mombasa

Nilikua nimejiambia habari hii sitaiandika mpaka hasira ipoe. Sasa ishapoa, nimebaki na hamu tu ya kuwaambia wenzangu tulichojifunza, ili nyinyi msipoteze mwaka mzima kama tulivopoteza sisi.

Mwezi wa tano, miaka kadhaa nyuma, tulitoka watu 14 kwenda kwenye kikao cha kuchukua maoni ya bajeti ya kaunti. Wapo kina mama wa vugo, wapo vijana wa maigizo, wapo wawili wa kayamba na kijana mmoja anayechora kuta. Bi mkubwa wetu, ambaye ashapita miaka 70, alikuja na pembe zake za vugo kazifunga kwa leso, manake alisema akiulizwa sanaa ni nini hataeleza, ataonyesha. Tukakaa safu za nyuma karibu saa nne nzima tukisikiliza mambo ya mitaro na taa za barabarani na basari, hadi zamu yetu ikafika nikasimama nikasoma barua. Barua yenyewe ilikua tamu, ina urithi wa mababu, ina vijana wanaopotea kwa mihadarati, ina utalii, kila kitu. Afisa akasikiliza mpaka mwisho kwa heshima kabisa, kisha akauliza swali moja: "Mwataka shilingi ngapi, na ziwekwe kwenye programu gani?"

Tukatizamana. Hakuna aliyekua na jibu.

Akatueleza taratibu, bila ubaya wowote, kwamba hata lau tungekua na jibu, viwango vya kila idara vilishapitishwa tangu mapema mwaka, na saa hii ukitaka kuongeza shilingi moja mahali lazima uitoe kwengine, sasa nani akubali wadi yake ipunguziwe ili sisi tupewe? Kisha akamalizia, "lakini siku ya sherehe mtaitwa, mje mcheze." Ofisi siitaji na wala haina haja, manake nimezungumza na wasanii wa kaunti nyengine na wote wana kisa kama hiki.

Tukirudi ndani ya tuktuk Bi alikua kimya, pembe ziko mapajani. Kwa wale msiojua, vugo ni ngoma ya kina mama ya harusi, na linalopigwa ni pembe la nyati kwa kijiti. Zake alirithi kwa mamake. Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977, kwa hivyo pembe la nyati si kitu cha kwenda dukani ukanunua, likipasuka limekwenda. Moja lake lina ufa, ameuziba kwa nta na uzi, na mlio wake umekua mzito kidogo kuliko wa mengine, ukimsikia tu wajua ni yeye. Ndani ya tuktuk aliniuliza, mwanangu, hao wakituita siku ya wageni hua hawatuulizi twataka shilingi ngapi, kwanini leo ndo watuuliza?

Swali lile nililala nalo. Hua hatuulizwi kwa sababu hatujazoea kusema. Tukiitwa twaenda, twapewa maji ya chupa na nauli ambayo pengine yaja baada ya wiki tatu, na wote twajua kikundi kingine kitakwenda bure tukikataa. Miaka na miaka tumekua tukienda kuomba "msaada", na msaada ni kitu cha hiari ya mtu, akitaka atakupa asipotaka basi. Bajeti ni kitu chengine kabisa. Bajeti ni hesabu iliyopitishwa na bunge la kaunti ikawa sheria, na kama jina la kazi yako limo mle una pa kusimama na kudai.

Na haki tunayo, jamani, hili ndilo nataka msanii wa Mombasa alijue kama anavojua jina la mamake. Fungueni Katiba ya 2010, Jedwali la Nne, sehemu ya pili, pale penye orodha ya kazi za kaunti, nambari 4. Utakuta shughuli za utamaduni na burudani za umma, na chini yake zimetajwa sinema, maktaba, makavazi, michezo, vifaa vya utamaduni, hadi fuo za bahari. Kazi hiyo ilitoka serikali kuu ikaja kaunti. Kwa hivyo kaunti inapolipia ukumbi wa sanaa yafanya kazi iliyopewa, sawa na inavozoa taka au kulipa wauguzi. Mimi niliisoma ile sehemu kwa simu nikiwa Makadara, nikairudia mara mbili, nikampigia mwenzangu nikamsomea, akanyamaza kisha akasema "na sisi tumekua tukipiga magoti."

Sasa turudi kwenye ile habari ya Mei na Agosti, manake hapo ndipo tulipokosea na ndipo wengi wanapokosea.

Mwaka wa pesa wa serikali waanza tarehe 1 Julai. Lakini mwaka huo hupikwa karibu miezi kumi kabla. Kwa sheria ya usimamizi wa fedha za umma ya 2012, kaunti yatakiwa iwe imepeleka mpango wake wa maendeleo wa mwaka kwenye bunge la kaunti kufikia tarehe 1 Septemba. Humo ndimo mawazo huingia, kitu ambacho hakimo kwenye mpango ule kitapata tabu sana kuingia huko mbele. Kisha yaja Septemba 30, ripoti ya kuangalia mwaka uliopita ulikwendaje. Kisha Februari 28 ndo mwisho wa kupeleka waraka wa mikakati ya fedha, ule ambao watu wa bajeti huuita CFSP, na huo ndo hugawa dari za pesa, idara hii isipite hapa, idara ile isipite pale. Aprili 30 makadirio yenyewe yafika bungeni, kamati yazunguka kuchukua maoni, na kufikia Juni 30 yatakiwa yawe yameshapita.

Sasa hesabuni wenyewe. Sisi tulikwenda Mei, wakati chungu kishaepuliwa. Tukapigiwa makofi, tukarudi nyumbani.

Juu ya yote hayo kuna mpango wa miaka mitano, CIDP. Huu wa sasa ni wa 2023 hadi 2027, na utakaofuata utatengenezwa baada ya uchaguzi. Mpango wa kila mwaka huchotwa kutoka humo. Kwa hivyo kama sentensi moja tu ya kituo cha sanaa au mafunzo ya ngoma za asili itaingia kwenye CIDP ijayo, basi kila Agosti kwa miaka mitano mtakua na ukurasa wa kunyooshea kidole mkasema mwaahidi wenyewe hapa. Sentensi moja! Mimi nawaambia sentensi hio ni bora kuliko kualikwa kutumbuiza sherehe kumi.

Hii yote nilifundishwa na dada mmoja anayefuatilia bajeti kwa habari za maji na vyoo, wala hahusiki na sanaa. Alitukalisha jioni mbili kwenye baraza la nyumba ya Bi, na jambo la kwanza alilotufanyisha ni kuichukua ile barua yetu tamu na kupiga mstari kila neno ambalo halina hesabu. Barua ya kurasa mbili, zikabaki sentensi tatu. Iliniuma lakini alikua na haki.

Tukaanza upya na Bi mwenyewe. Akaulizwa, ukitaka wasichana 20 wajue vugo sawa sawa wachukua muda gani? Akasema miezi tisa, mara mbili kwa wiki. Haya, kwa wiki nne kila mwezi hizo ni wiki 36, yaani mafunzo 72. Walimu wawili, kila mmoja shilingi 1,000 kwa siku, zaja 144,000. Ukumbi shilingi 1,500 kwa siku, 108,000. Ngoma nne ziwambwe upya kwa ngozi mpya, 4,500 kila moja, 18,000. Leso za wasichana kwa siku ya kuonyesha, doti 20 za shilingi 600, 12,000. Nauli ya wazee kwenda na kurudi, 400 kila siku, 28,800. Ukijumlisha zaja shilingi 310,800, wasichana 20, mwaka mmoja.

Bi aliiangalia ile karatasi kwa muda mrefu. Akasema hajawahi kuona kazi yake imeandikwa kwa nambari. Kisha akaomba tuongeze kitu, tukadhani ataomba malipo yake yapande, kumbe ataka pesa ya kurekodi, kila mdundo urekodiwe vizuri na maneno ya nyimbo yaandikwe, kwa sababu wenzake wa rika lake wamebaki wachache na kila mmoja akifa anaondoka na nyimbo ambazo hakuna mwengine azijuaye. Tukaongeza.

Ukishakua na karatasi kama hio mazungumzo hubadilika, wallahi hubadilika. Muwakilishi wadi akiambiwa "tusaidieni wasanii" hana la kufanya ila kutabasamu. Akipewa karatasi yenye hesabu kamili na wasichana 20 wa wadi yake, na anajua mtaani kwake ni kina nani, hapo kuna kitu cha kupeleka kwenye kamati. Na Mombasa tuna wadi 30, kila wadi ina ngoma yake, ina wachoraji wake, ina vijana wa kurap na wa maigizo. Vikundi 30 vyenye karatasi 30 si sawa na mtu mmoja aliyesimama na barua.

Kuna jengine ambalo halisemwi sana. Ile sheria ya fedha ya 2012, kifungu cha 137, yaanzisha jukwaa la bajeti na uchumi la kaunti, gavana ndo mwenyekiti, na ndani yake lazima wawemo watu wasio wafanyakazi wa serikali. Wametajwa wanataaluma, wafanyabiashara, wafanyakazi, wanawake, watu wenye ulemavu, wazee, na makundi ya dini. Msanii hakutajwa kwa jina. Lakini msanii ni mwanamke, ni mzee, ni mwenye ulemavu, ni mfanyabiashara pia. Kwanini tusiulize hao wanaotuwakilisha mle ni kina nani, tukawapelekea karatasi zetu, au tukapendekeza mmoja wetu nafasi ikitokea?

Sasa najua mtu atasema, na kweli kwenye kile kikao kaka mmoja alisema nyuma yangu kwa sauti, "hospitali hazina dawa nyinyi mwataka pesa za ngoma." Sikumkasirikia. Mamangu amelala hospitali ya umma, najua hali. Lakini hakuna anayeomba dawa zitolewe ili tupige vugo. Idara ya afya ina dari yake na utamaduni una wake, na kwenye kaunti nyingi utamaduni umetiwa chumba kimoja na michezo, vijana, jinsia au utalii, kwa hivyo shilingi ya sanaa mara nyingi yashindana na uwanja wa mpira na hafla na makongamano. Hapo ndipo pa kuangalia. Ndani ya chumba kile, ni ngapi zaenda kwa kazi yenyewe ya sanaa na ngapi zaenda kwa mahema, viti na vipaza sauti vya siku moja? Siku za sherehe pesa hua zipo, fundi wa mahema hulipwa, mwenye viti hulipwa. Anayecheza ndo aambiwa ni fursa ya kujulikana.

Na wafadhili wa nje je? Mimi nimefaidika nao, sitawasema vibaya, mafunzo mengi niliyopata mimi yalilipwa na wazungu. Lakini tizameni ndugu zetu wa Zanzibar. Sauti za Busara imeanza 2004, tamasha la kujaza Ngome Kongwe kila Februari, hoteli zajaa, watu wa teksi wafurahi, na bado mwaka 2016 halikufanyika kwa sababu pesa za wafadhili hazikutosha. Likarudi 2017, alhamdulillahi. Chuo cha muziki cha DCMA pale karibu na Forodhani, kilichofundisha qanuni na udi na ngoma kwa vijana tele, 2019 nacho kikawa hatarini kufungwa baada ya ufadhili kukatika. Hizo ni taasisi kubwa zenye jina duniani. Sisi wenye kikundi cha baraza la nyumba tutakuaje mfadhili akibadilisha fikra zake huko kwao? Pesa ya umma nayo yachelewa, twajua, lakini angalau ni yetu na twaweza kuuliza iko wapi.

Kuna miji imelifanyia kazi hili muda mrefu. San Francisco, Marekani, tangu 1961 ina utaratibu wa kuchukua sehemu ya kodi ya vyumba vya hoteli na kuipeleka kwa vikundi vya sanaa, mgeni alala, kodi yake yalipa ngoma. Niliposoma habari ile nikafikiria mstari wa hoteli kutoka Nyali hadi Shanzu. Wageni wanakuja bahari, ndio, lakini usiku wanataka kusikia kitu cha hapa, na vijana wetu ndio wanaokwenda kuwachezea. Najua kwetu ile tozo ya utalii ya asilimia 2 wanayotoa wenye hoteli yaenda kwenye mfuko wa taifa, kaunti haina mkono hapo. Ila Katiba, ibara ya 209, imeipa kaunti ruhusa ya kutoza kodi ya burudani, kwa jina kabisa. Na kifungu cha 116 cha ile sheria ya fedha chaiwezesha kaunti kuanzisha mfuko maalum, baraza la mawaziri la kaunti na bunge lake wakikubali. Weka hizo mbili pamoja: sehemu ya kinachotozwa kwenye burudani iingie kwenye mfuko wa sanaa wenye kanuni zake, kamati yake, na tarehe za kutuma maombi zinazojulikana na kila mtu. Twahitaji mtu wa sheria akae nasi tuandike ombi lenyewe. Sheria ya serikali za kaunti ya 2012 yampa mwananchi haki ya kupeleka ombi bunge la kaunti, na hilo twaweza kulifanya bila kusubiri kualikwa.

Lakini kabla ya huko lazima tuseme ukweli baina yetu. Wasanii wa mji huu hatupendani inavotakiwa. Watu wa taarab wawaona wa kurap hawana adabu, wa kurap wawaona wa ngoma ni watu wa kale, wa maigizo wana vikundi vitatu kwa mtaa mmoja na viongozi wake hawasalimiani, na kila mmoja ana "mtu wake" ofisini anayemuahidi kitu pembeni. Nimeshuhudia kikao ambacho vikundi viwili vya wadi moja vilipeleka barua mbili za kupingana, na kamati ikafanya ambalo kamati yoyote ingefanya, ikaweka zote pembeni. Mji huu wameimba humu watu wa taarab kina Juma Bhalo na Zuhura Swaleh, sauti zilizosikika pwani nzima, na ukumbi wa kufanyia mazoezi kwa uhakika kila wiki bado watutoa jasho. Twaweza kugombana kuhusu nani bora jukwaani. Kwenye bajeti tuwe na karatasi moja yenye viambatanisho vingi.

Na vikundi viandikishwe, tafadhalini. Sheria ya usajili wa vikundi vya jamii ipo tangu 2022. Cheti, akaunti ya benki yenye sahihi tatu, PIN ya kodi, kitabu cha mikutano. Pesa ya umma haiwezi kuingia kwenye simu ya mwenyekiti, na haifai kuingia. Kikundi chetu kilikaa miaka sita bila cheti kwa sababu kila mtu alidhani mwengine amekwenda.

Mkishaingizwa kwenye bajeti msilale. Kuandikwa na kulipwa ni vitu viwili. Ofisi ya Msimamizi wa Bajeti hutoa ripoti za matumizi ya kaunti zote, ziko kwenye mtandao, waweza kuona idara ilipangiwa ngapi na imetumia ngapi. Na kama kuna jambo halimo, sheria ya kupata habari ya 2016 yakupa haki ya kuandika na kuuliza, na ofisi yatakiwa ijibu ndani ya siku 21. Sisi tuliandika mara moja tukauliza kuhusu ukarabati wa ukumbi, jibu likaja, fupi, lakini lilikua na nambari na tarehe, na lile jibu tumelitia kwenye faili letu.

Mwaka huu hatungoji Mei. Twakutana mwezi wa saba, baraza lile lile la Bi, Jumamosi baada ya alasiri, ili kufikia nusu ya Agosti karatasi ziwe zishafika kwenye idara na kwa wawakilishi wadi wote tunaoweza kuwafikia. Kila kikundi kije na hesabu yake, hata iwe kwa penseli: mwataka kufanya nini, kwa watu wangapi, wapi, kwa muda gani, kwa shilingi ngapi. Mwenye kompyuta aje nayo pamoja na chaja, umeme pale ni wa kubahatisha mchana. Bi amesema kahawa ni juu yake, na atakua na pembe zake, kwa hivyo wasichana wanaotaka kuanza kujifunza wasingoje bajeti, waje mapema saa tisa.